Malalamiko ya dirishani: dawa za pumu na watu wanaozitumia

Miaka niliyokaa kwenye dirisha la dawa hapa Mwanza imenifundisha kwamba swali la "dawa hii ina madhara gani?" halijibiki mpaka umjue anayeuliza. Mjamzito wa Igoma, mtoto wa darasa la kwanza wa Mabatini, mzee wa Ukerewe aliyevuka kuja kutibiwa macho, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni mwenye sukari, wote hao wanaweza kuondoka na dawa ileile ya pumu, na kila mmoja akarudi na lake. Naandika kwa sababu nimeona watu wengi wakiacha dawa kimyakimya kwa maudhi ambayo yangerekebishika, na wengine wakivumilia jambo ambalo hawakupaswa kulivumilia hata siku moja.

Salbutamol ndiyo inayojulikana kuliko zote. Ipo tangu mwaka 1969. Inalegeza misuli inayozunguka njia za hewa, na ukiipuliza vizuri kifua kinaanza kufunguka ndani ya dakika chache. Lakini misuli ya mikono nayo inaisikia dawa hiyo, na moyo pia. Ndiyo maana mtu anatetemeka vidole, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, usiku miguu inakaza. Wengi wanadhani wameshapata mzio. Si mzio, ni dawa yenyewe inafanya kazi mahali ambapo hukuitaka.

Mshonaji mmoja wa Kirumba aliniambia, "Dada, kifua kimefunguka, lakini uzi hauingii kwenye sindano." Akaweka mkono juu ya kaunta. Nilichukua karatasi nyepesi nikailaza juu ya vidole vyake vilivyonyooka, ikawa inacheza kwenye ncha. Alikuwa anameza vidonge vya miligramu 4, mara tatu kwa siku, anavinunua dukani mwenyewe kwa sababu ni rahisi na havina maelezo mengi. Nikageuza boksi la dawa nikaandika hesabu nyuma yake. Mpulizo mmoja wa kopo la kawaida una maikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 kina maikrogramu 4,000. Yaani katika kidonge kimoja mna dawa ya mipulizo 40. Ni kweli si yote inayofika kwenye damu, maana utumbo na ini hukata sehemu kubwa njiani, lakini inayobaki inazunguka mwili mzima kutafuta kifua, wakati ya kupuliza inashuka moja kwa moja panapohusika. Aliitazama ile hesabu muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Kwa nini sikuambiwa?"

Swali hilo sina jibu zuri kwalo mpaka leo. Vidonge vya salbutamol vimezoeleka mno kanda hii. Mama anampa mtoto, jirani anamgawia jirani, na mtu akisema anatetemeka anaambiwa atazoea. Ni kweli wengi tetemeko hupungua kadiri siku zinavyokwenda, lakini yule mshonaji hakuwa na siku za kusubiri, vidole ndivyo vinavyomlisha. Daktari alimhamishia kwenye dawa ya kupuliza yenye steroidi, ile inayotuliza uvimbe wa ndani, na akaacha vidonge. Jambo hili lina uzito kuliko tetemeko lenyewe, kwa sababu tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, inayotolewa na mpango uitwao GINA, inasema mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa salbutamol peke yake. Salbutamol inafungua njia ya hewa huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini, na mgonjwa anaona nafuu wakati ugonjwa haujatulia.

Kwa watoto malalamiko ni mengine. Mzazi hasemi moyo unakwenda mbio, maana mtoto mdogo hajui kulisema hilo. Anasema mtoto hatulii, hataki kulala, mwalimu ameita. Nikiuliza dawa anaitumiaje, mara nyingi nakuta kopo linapulizwa mdomoni kama manukato, nusu inabaki kwenye ulimi, inamezwa, na mtoto anapata tetemeko bila nafuu. Kinachohitajika ni spesa, kile chombo cha kupitishia dawa, nacho dukani kina bei yake. Lakini ipo njia ya chupa ya maji ya nusu lita. Madaktari wa Cape Town waliijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 1999, na chupa ilifanya kazi sawasawa na spesa ya kununua. Unatoboa kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa kopo la dawa ili liingie likikaza, unaziba pembeni kwa gundi, halafu mtoto anapumua kupitia shingo ya chupa, taratibu, pumzi tano au sita kwa kila mpulizo. Unaiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, la sivyo dawa inang'ang'ania ukutani. Chupa hizo zimejaa Mwanza kila kona. Nimewaonyesha akina mama namna ya kuitengeneza, na baadhi yao wameitengeneza vizuri kuliko mimi niliyewafundisha.

Hofu kubwa ya wazazi kuhusu steroidi ya kupuliza ni kimo. "Atabaki mfupi?" Swali ni la haki, na lina jibu lenye namba. Watoto wa Marekani na Kanada waliotumia budesonide, mojawapo ya steroidi hizo, kwa miaka kadhaa walifuatiliwa mpaka utu uzima, na matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko wenzao waliopewa dawa ya bandia, yaani ya kulinganishia tu, isiyo na dawa ndani. Nawaambia namba hiyo kama ilivyo. Kisha nawauliza mtoto amelazwa mara ngapi mwaka huu, na amekosa shule siku ngapi. Wengi wanaamua wenyewe. Madhara mengine ya dawa hii ni utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukauka, na hayo spesa pamoja na kusukutua maji na kuyatema kila baada ya kupuliza huyapunguza sana. Mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa karibu kuacha dawa kwa sababu ya sauti tu.

Kidonge cha montelukast, nacho cha pumu, ni habari tofauti. Kimewasaidia watoto wengi na wengi hawasikii lolote. Lakini mwezi Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka kwenye dawa hiyo onyo la daraja la juu kabisa, kwa sababu ya taarifa za mabadiliko ya akili na tabia: jinamizi, hasira, huzuni, hata mawazo ya kujiua. Dawa ilikuwa sokoni tangu 1998. Baba mmoja wa Nyegezi alikuja kuchukua dawa za mwezi mwingine, akataja kama jambo la pembeni kwamba binti yake anaamka usiku akipiga kelele, na nyumbani wameshakaa kikao. Bibi alikuwa na maelezo yake, majirani na yao, na maombi yalikuwa yameanza. Nilimuuliza yalianza lini. Akahesabu kwa vidole, akafika kwenye juma lile lile alilopewa kidonge kipya. Nilimwomba asiondoke na dozi nyingine kabla ya kumwona daktari, na siku ileile kidonge kikasimamishwa. Usingizi wa mtoto ulirudi. Siwezi kuapa kwamba ni dawa iliyofanya, mtoto mmoja si ushahidi, ila mpangilio wa siku uliniridhisha kuwa lilipaswa kuandikwa na kupelekwa mbele.

Wazee ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mara nyingi pumu si ugonjwa wao pekee. Salbutamol ikiwa nyingi inasukuma madini ya potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya chembe za mwili. Kijana hashtuki. Mzee mwenye moyo dhaifu anayemeza furosemide ya kupunguza maji anapoteza potasiamu kwenye mkojo pia, na steroidi ikiongezwa inazidi kushuka, na hapo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kwa kijana moyo kwenda mbio baada ya mpulizo ni maudhi ya kupita. Kwa mzee huyu, mapigo yanayoruka ruka ni sababu ya kupimwa damu na moyo.

Mzee mmoja wa Ukerewe alikuja na mjukuu wake. Baada ya shikamoo na marahaba akasema dawa ya kupuliza imekufa nguvu, kopo zima limeisha upesi na kifua bado kimebana. Nilikagua anavyopuliza, alikuwa anapuliza vizuri. Nikamuuliza dawa nyingine. "Sina, mwanangu, ni hii tu." Mjukuu akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki akatoa kichupa kidogo: "Na hii ya macho." Mzee akakasirika kidogo, hiyo si dawa ya kuhesabiwa, ni tone tu. Ilikuwa timolol, ya presha ya macho. Tone la timolol likiwekwa jichoni linashuka kwa njia ya machozi hadi puani, linaingia kwenye damu bila kupita kwenye ini kwanza, na kifuani linafunga kilekile ambacho salbutamol inajaribu kukifungua. Mwenye pumu hapaswi kupewa. Lakini pia sikuweza kumwambia aitupe, kwa sababu presha ya macho isiyotibiwa inapofusha. Alipelekwa kliniki ya macho mchana uleule, wakambadilishia. Tangu wakati huo swali langu la kwanza kwa mzee yeyote wa pumu ni la macho, na la pili ni la vidonge vya presha vya jamii ileile, propranolol na atenolol. La tatu ni diclofenac na aspirini, maana wabeba mizigo wa Mwaloni wanazimeza kwa maumivu ya mgongo, na wapo wenye pumu ambao dawa hizo zinawabana ghafla.

Halafu kuna prednisolone, steroidi ya vidonge. Siku ya kubanwa sana ni dawa inayookoa, na sitaki mtu asome hapa akaiogope. Dozi ya mtu mzima huwa miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku tano hadi saba, yaani vidonge vinane au zaidi vya miligramu 5 kwa mkupuo, na wagonjwa wengi wakiona wingi huo wanapunguza wenyewe nyumbani. Wanaomaliza wanalalamika njaa, kukosa usingizi, tumbo kuwaka. Ukizimeza asubuhi baada ya kula, mengi ya hayo yanapungua.

Kwa mwenye kisukari mambo ni mazito zaidi. Mchuuzi mmoja wa dagaa anapima sukari kila asubuhi kabla ya kula, kwa mashine yake mwenyewe, na anaandika kwenye daftari la shule lenye mistari. Alipopewa prednisolone aliniletea daftari: asubuhi zote sukari nzuri. Ila mdomo umekauka, anakojoa usiku kucha, na macho yanaona ukungu. Prednisolone inayomezwa asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, kisha inashuka usiku, hivyo anayepima alfajiri peke yake anaona namba njema na haoni inayomuumiza. Nilimwomba apime jioni kabla ya chakula. Akanipigia simu akisoma namba mara mbili, akidhani mashine imeharibika. Daktari akamrekebishia dawa za sukari kwa zile siku chache. Yule mama ndiye anayewafundisha wenzake pale sokoni sasa, na anafundisha kwa sauti. Na kwa wale waliotumia vidonge hivi zaidi ya wiki tatu, kuna hatari nyingine ya kuviacha ghafla, kwa kuwa mwili umeshapunguza kutengeneza steroidi yake. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Wajawazito nitawasemea kwa ufupi. Kwa ujumla theluthi yao pumu huzidi, theluthi hupungua, theluthi hubaki ilivyo. Wengi huacha kopo mara wanapojua wana mimba, wakimwogopea mtoto. Dawa za kupuliza, salbutamol na steroidi, zimetumika kwa wajawazito miaka mingi na miongozo inataka ziendelee. Kinachomdhuru mtoto ni mama kukosa hewa.

Kwa nini nashikilia habari hii ya makundi? Kwa sababu imewahi kuonekana kwa gharama ya maisha. Marekani walifanya utafiti wa salmeterol, dawa ndugu ya salbutamol inayokaa muda mrefu, kwa watu zaidi ya 26,000. Ulisimamishwa mwaka 2003. Vifo vilivyotokana na pumu vilikuwa 13 kwa waliopewa salmeterol na 3 kwa waliopewa ya bandia, na hatari ilionekana zaidi kwa Wamarekani Weusi. Wengi kwenye utafiti ule hawakuwa wakitumia steroidi ya kupuliza, na baadaye tafiti kubwa za salmeterol iliyochanganywa na steroidi hazikuonyesha hatari hiyo, hata onyo la daraja la juu kwenye dawa za mchanganyiko likaondolewa Desemba 2017. Kama wangejumlisha watu wote kwenye fungu moja bila kuuliza nani ni nani, lile la kundi moja kuumia kuliko jingine lisingeonekana.

Hapa kwetu taarifa za namna hii zinapelekwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Sisi watumishi tunajaza fomu ya njano: umri, jinsia, uzito, kama ni mjamzito, jina la dawa na namba ya toleo, siku aliyoanza, siku madhara yalipoanza, na dawa nyingine zote anazotumia. Taarifa za nchi mbalimbali hukusanywa Uppsala, Sweden, kwenye kituo kinachoshirikiana na Shirika la Afya Duniani. Taarifa moja haithibitishi kitu. Zikifanana nyingi kutoka mahali mbalimbali, mtu anaanza kuchunguza, na onyo la montelukast taarifa za namna hii zilikuwa sehemu yake.

Kinachoniuma ni nani anayeandikwa. Baba wa Nyegezi alikuwa na simu, muda na lugha ya kueleza. Mama anayebanika sangara kwenye moshi mwaloni kutwa nzima hakutamka neno kuhusu moyo wake mpaka nilipomuuliza moja kwa moja, kwa sababu alishaamua kwamba ni uchovu. Wazee wa visiwani wanakuja mara moja, wanapewa dawa za miezi, wanaondoka na kivuko. Kimya chao kikisomwa kama usalama tutakuwa tumewadhulumu. Ndiyo maana nikiwa na foleni ndefu bado nauliza: tangu uanze hii, usingizi vipi, moyo vipi, mikono vipi, sukari vipi, unaona vipi? Ukinijia, njoo na maboksi yote, hata yaliyoisha, hata ya macho, hata ya mitishamba ikiwa unaitumia. Usiogope kugombezwa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa lifike kila nyumba yenye mtu wa pumu, kwa sababu nimeona hofu ya madhara ikimchelewesha mgonjwa. Siku mtu amebanwa kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, au kopo halimpi nafuu ya kudumu kwa muda wa saa nne, usimhesabie mipulizo kwa woga wa kutetemeka. Mpe mipulizo minne hadi kumi kwa spesa au kwa ile chupa, rudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza, huku mko njiani kwenda hospitali. Atatetemeka na moyo utamwenda mbio, na hayo yatashughulikiwa akiwa na pumzi. Kwa walio visiwani, ondokeni na chombo cha kwanza kinachopatikana, hata kama ameanza kusema anajisikia vizuri.